AC ilipoza Mbeya, ikagoma Kitonga: uchambuzi wa kisa cha gesi iliyojazwa kwa geji kwenye baridi

Kisa hiki ni cha pikapu ya Kijapani ya kabini mbili, injini ya dizeli, AC ya gesi ya R-134a. Mwenye gari ni mfanyabiashara wa mchele. Namba ya gari, majina ya wahusika na mahali gereji zilipo vimeondolewa. Vipimo vya ukarabati wa mwisho vimetoka kwenye daftari la fundi. Vya Dar es Salaam vimesomwa kwenye picha ya geji (kipimo cha presha ya gesi) ambayo dereva aliipiga kwa simu. Ya Julai yanategemea kumbukumbu ya dereva, aliyesimama pembeni ya gari wakati kazi ikifanyika.

Gari na mazingira yake

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai alfajiri baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana jua likiwaka sana ni nyuzi 20 na kitu. Watu wengi huku huisahau AC kabisa kuanzia Mei hadi Agosti, na gari hili halikuwa tofauti.

Msimu wa mavuno gari hushinda Mbarali, kati ya Rujewa na Ubaruku, kwenye barabara za vumbi na viwanja vya mashine za kukoboa ambako pumba hupeperuka mchana kutwa. Mara chache kwa mwaka hushuka Dar: Makambako, Mafinga, Iringa, mlima Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro. Yaani mfumo uleule wa AC unatakiwa ufanye kazi kwenye baridi ya Uyole, Mbeya, na kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, mibuyu ilipoanzia, bila kurekebishwa chochote njiani.

Stika chini ya boneti iliandikwa HFC-134a, gramu 550, kuzidi au kupungua 50. Kompresa, pampu inayobana gesi, ni ya pistoni yenye klachi ya sumaku inayoiunganisha na mkanda wa injini. Kondensa, inayotoa nje joto la gesi, imekaa mbele ya rejeta. Hewa huvutwa na feni kuu ya injini, ile ya klachi ya mnato, ikisaidiwa na feni ndogo ya umeme iliyofungwa mbele ya kondensa. Kuna draya (chupa inayonyonya unyevu), valvu ya upanuzi (inayoshusha presha kabla gesi haijaingia evaporeta, kipozaji cha ndani ya dashibodi), na swichi ya presha kwenye bomba la presha kubwa. Swichi hiyo hukata umeme wa klachi presha ikishuka chini ya psi 28 hivi (psi ni kizio cha presha) au ikipanda hadi psi 455 hivi.

Mfululizo wa matukio

*Julai, Mbeya.* AC ilipowashwa haikupoza. Fundi wa kwanza alikuta alama ya mafuta kwenye kiungo cha bomba la kondensa, na hapo alisoma sawasawa: palipo na mafuta yaliyoshika vumbi kwenye kiungo, ndipo gesi ilipotokea. Alifungua, akabadilisha oringi (mpira wa duara wa kuzibia kiungo), akafunga. Halafu akaunganisha geji na kuanza kujaza moja kwa moja. Hakupiga vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo kwenye mfumo, na hakuwa na mizani. Ilikuwa asubuhi ya nyuzi 12 hivi. Alijaza kopo la kwanza la gramu 340, akatazama geji, akaona presha bado ndogo, akaongeza la pili, kisha kipande cha la tatu. Hewa ya dashibodi ikawa ya baridi kali. Gari likaondoka.

*Septemba, Ubaruku.* Dereva aliona gari likitembea AC inapoza, likisimama kwenye foleni ya mizani ya mpunga inapoza nusunusu. Alidhani ni kawaida ya gari kuukuu. Ilikuwa dalili ya kwanza, na ilipita bure.

*Mwisho wa Oktoba, safari ya Dar.* Mbeya hadi Iringa hakukuwa na tatizo. Walipomaliza kushuka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, kipimo cha dashibodi kikionyesha nyuzi 36 nje, klachi ilianza kukata na kushika, kukata na kushika. Baridi ilikuja sekunde chache, ikapotea. Mikumi hadi Morogoro mwendo ulipokuwa mzuri iliimarika kidogo. Kwenye foleni za kuingia jijini ikafa kabisa.

*Dar es Salaam.* Fundi wa pili alifunga geji, injini ikiunguruma gari limesimama, nje nyuzi 33. Picha ya simu inaonyesha psi 62 upande wa presha ndogo na psi 400 upande wa presha kubwa, sindano ikiwa bado inapanda. Akasema, "Bosi, hapa kompresa imeisha." Mwenye gari, kwa simu kutoka Mbeya, alikataa kununua kompresa. Fundi akatoa njia ya kumfikisha dereva nyumbani: akachomoa soketi ya swichi ya presha na kuunga waya daireki ili klachi isikate tena.

*Kurudi, mlima Kitonga.* Saa nane mchana, gari likipanda nyuma ya msururu wa malori ya kwenda Tunduma, mwendo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. AC ilikuwa imewashwa, klachi haikatiki. Sindano ya joto la injini ilivuka katikati. Mkanda ukalia, ikafuata harufu ya kuungua, kisha moshi mwembamba upande wa kompresa. Dereva alizima AC, akafungua vioo, akawasha hita hadi mwisho, akatafuta sehemu pana ya kuegesha, akaacha injini izunguke taratibu badala ya kuizima ghafla. Hatua hizo ziliiokoa injini. Klachi ilikuwa imeshaungua.

Maamuzi ya fundi wa tatu, na kwa nini

Gari lilifika Mbeya na maagizo ya "kufunga kompresa". Fundi wa tatu hakuanzia huko, alianzia kwenye ile picha ya simu.

Kompresa iliyochoka haiwezi kusukuma psi 400. Kompresa mbovu hutoa picha ya kinyume: upande wa presha ndogo unakuwa juu, upande wa presha kubwa unakuwa chini, na pande hizo mbili hukaribiana. Pande zote mbili zikiwa juu kwa pamoja, kompresa inasukuma vizuri ila joto halipati pa kutokea. Sababu za hali hiyo si nyingi: kondensa imeziba, feni haifanyi kazi, gesi imezidi, au ndani kuna hewa. Psi 400 za R-134a maana yake gesi inageuka kuwa majimaji kwenye nyuzi 84 hivi, wakati nje ni nyuzi 33. Pengo la nyuzi 50 ni kubwa mno. Gari zima likiwa limesimama huwa na pengo la 25 hivi.

Kwa hiyo aliamua kutogusa kompresa hadi apime vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa presha ya gari lililolala. Aliliacha usiku kucha chini ya banda, na asubuhi, kabla ya kuwasha injini na kabla jua halijagusa boneti, akafunga geji. Gari likiwa limepoa hivyo, presha ya R-134a hutegemea joto tu maadamu kuna majimaji ndani, haijali kama gesi ni nyingi au kidogo. Kwa usawa wa bahari geji husoma psi 45 kwenye nyuzi 10, psi 56 kwenye 15, psi 68 kwenye 20, psi 82 kwenye 25, psi 97 kwenye 30. Kwa Mbeya ongeza psi 2.7 hivi, kwa sababu geji hulinganisha na hewa ya nje, na hewa yetu huku juu ni nyepesi. Asubuhi ile palikuwa na nyuzi 14, hivyo geji ilitakiwa isome kama 57. Ilisoma 74.

Psi 17 za ziada zina maana mbili tu: kuna hewa, au gesi imechanganywa na ya aina nyingine. Hili la pili si la kudharau, kwani mitaani wapo wanaojaza gesi ya friji, hata gesi ya jiko. Alitofautisha hivi: aliinyonya gesi yote kwa mashine, akaiweka kwenye mtungi safi uliokuwa umepigwa vakyumu, akauacha kivulini hadi siku ya pili, akafungua koki ya juu kidogokidogo na kupima tena. Hewa hukaa juu ya majimaji, kwa hiyo ikitolewa presha inapaswa kushuka hadi kwenye namba ya jedwali. Ilishuka. Ingekuwa gesi mchanganyiko isingeshuka hivyo, na mtungi ule ungewekwa alama usitumike tena kwenye gari lolote.

Cha pili kilikuwa uzito. Alipima mtungi kabla na baada ya kunyonya: gramu 780. Ukilinganisha na stika ya 550, zilizidi gramu 230. Kuhusu kutoiachia gesi hewani, hilo lilikuwa la lazima hata bila hesabu: kilo moja ya R-134a hupasha joto anga zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ya ukaa, na zaidi ya hapo, ukishaiachia huwezi kuipima.

Cha tatu kilikuwa njia ya hewa. Kondensa kwa mbele ilionekana ina vumbi la kawaida tu. Alipolegeza bolti za juu za rejeta na kuivuta nyuma, kati ya rejeta na kondensa palikuwa na tabaka la pumba za mpunga lililogandamana na tope, limefunika karibu nusu ya chini. Feni ya umeme haikuzunguka. Soketi yake ilikuwa inaning'inia, imepasuka kishikio, dalili kwamba kuna siku rejeta ilifunguliwa na waya haukurudishwa.

Baada ya hapo ndipo akafika kwenye kompresa. Sahani ya klachi ilikuwa ya bluu kwa kuungua, beringi ya puli inakwaruza, koili imekatika. Kuzunguka valvu ya usalama palikuwa na mchirizi mwembamba wa mafuta, ishara kwamba presha ilikaribia kuifungua. Alizungusha shafti kwa mkono: nyororo, haina mkwamo. Akamimina mafuta kidogo ya kompresa juu ya karatasi nyeupe. Yalikuwa meupe, hayana chembe za chuma wala harufu ya kuungua. Mafuta meusi au yenye vumbi la fedha yangebadilisha kila kitu: hapo ni kompresa, kondensa, draya na valvu ya upanuzi kwa pamoja, kwa sababu chembe husambaa na kuua kompresa mpya ndani ya wiki.

Uamuzi ukawa kubadilisha klachi nzima (sahani, puli na beringi yake, koili), draya, oringi za viungo vyote vilivyofunguliwa, kurudisha swichi ya presha kwenye soketi yake, kurudisha feni, na kusafisha kondensa. Kompresa ibaki.

Kazi yenyewe

Kondensa na rejeta zilioshwa kwa maji ya mpira wa bustani, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili pumba zitoke zilikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari haikutumika. Hulaza mapezi ya alumini na kuziba kabisa kile ulichotaka kufungua. Mapezi yaliyokuwa yamelala yalinyooshwa kwa kitana.

Klachi ilifungwa na nafasi kati ya sahani na puli ikapimwa kwa fila geji: milimita 0.5. Kwa kompresa nyingi za aina hii inatakiwa iwe kati ya 0.35 na 0.65. Ikizidi, sumaku hushindwa kuvuta kompresa ikiwa ya moto. Ikipungua, sahani inasugua muda wote. Koili mpya ilisoma omu 3.6, ambayo ni sawa kwa umeme wa volti 12.

Oringi zilikuwa za AC, zile za kijani, zikapakwa mafuta ya kompresa kabla ya kufungwa. Oringi nyeusi za bomba la maji hukubali kuingia lakini hazistahimili joto na mafuta haya. Draya ilifunguliwa vizibo dakika ya mwisho kabisa, maana ikikaa wazi hunywa unyevu wa hewa na kuisha kazi kabla ya kufungwa. Pamoja na draya ziliongezwa mililita 15 za mafuta ya PAG 46, ambayo kwa kompresa za Denso huandikwa ND-OIL 8. Mafuta haya nayo hunywa maji, kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana halifai.

Vakyumu ndipo penye tofauti kubwa kati ya Mbeya na vitabu. Vitabu vinasema vuta hadi inchi 29 au 30 za zebaki. Kwa mita 1,700 hewa yote iliyopo haifiki inchi 25, kwa hiyo sindano itasimama karibu na 24 na haitasogea hata ukiacha pampu hadi jioni. Wapo mafundi waliotupa pampu nzima kwa kudhani imechoka, na wapo wanaoamini huku juu vakyumu "haishiki" na hivyo hakuna haja ya kuipiga. Inashika. Kinachobadilika ni namba ya geji tu.

Baridi nayo ina lake. Maji yaliyomo ndani ya mfumo hutoka kwa kuchemka ndani ya vakyumu, na kwenye nyuzi 10 hayachemki mpaka presha halisi ishuke chini ya kilopaskali 1.2, kwenye nyuzi 25 inatosha 3.2. Pampu ndogo iliyochakaa inaweza kufika 3 na isifike 1. Kwa sababu hiyo kazi ilifanyika saa saba mchana, gari juani, injini imepashwa moto, hita ikiwa imewashwa ili evaporeta ipate joto. Pampu ilifanya kazi dakika 50, koki zikafungwa, sindano ikaachwa dakika 20. Haikurudi nyuma.

Gesi ilijazwa kwa mizani ya dijitali ya jikoni, ile ya kilo 5 inayosoma gramu moja. Kopo la kwanza lote, gramu 340, halafu gramu 210 za kopo la pili. Jumla 550. Kopo lilisimama wima muda wote kompresa ikiwa inazunguka, kwa kuwa likigeuzwa huingiza majimaji, na pistoni haiwezi kubana majimaji. Kopo lilipopoa sana na gesi kuanza kusita, liliwekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu ya kuogea mtoto, si zaidi ya nyuzi 40. Hewa ya kwenye mpira wa geji ilitolewa kabla ya koki kufunguliwa.

Matokeo

Mbeya, nyuzi 20, injini mizunguko 1,500 kwa dakika: psi 28 na psi 160. Lakini vipimo vya Mbeya ndivyo vilivyomdanganya fundi wa kwanza, hivyo fundi wa tatu hakukubali kuishia hapo. Alifanya majaribio mawili zaidi.

Jaribio moja lilikuwa la swichi. Aliziba kondensa kwa boksi la katoni, akitazama geji huku mkono ukiwa kwenye kitufe cha AC. Presha ilipanda, na ilipofika 450 hivi klachi ikakata yenyewe. Boksi likaondolewa, presha ikashuka, klachi ikashika. Jaribio hili lisifanywe bila geji wala kwenye gari ambalo waya umeungwa daireki.

La pili, gari lilishushwa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, chini ya mita 600. Mchana wa nyuzi 33, gari limesimama: psi 38 na psi 225, hewa ya dashibodi nyuzi 12, likitembea, nyuzi 8. Hapohapo akachomoa feni ya umeme kwa makusudi. Ndani ya dakika tatu upande wa presha kubwa ukapanda hadi 290, ukatulia hapo.

Gharama ya ukarabati wote haikufika nusu ya bei aliyotajiwa mwenye gari Dar kwa kompresa peke yake. Desemba gari lilikwenda Dar na kurudi, na lilipanda Kitonga AC ikiwa imewashwa bila klachi kukata.

Lilibaki tatizo moja. Hewa ya dashibodi ilikuwa baridi lakini dhaifu, feni ya ndani ikiwa hadi namba nne. Gari hili halina chujio la hewa ya kabini, na kazi yote ilifanyika chini ya boneti bila mtu kuangalia evaporeta. Vumbi la Usangu, bonde la huko Mbarali, lilikuwa limejaza mapezi yake. Ilibidi kabati la dashibodi lifunguliwe baadaye kwa kazi ya pili ambayo ingefanyika mara moja.

Uchambuzi

Swali gumu ni hili: kwa nini gramu 780 zilipoza vizuri Julai? Kwa sababu kwenye nyuzi 12 kondensa ina uwezo mara nyingi zaidi ya unaohitajika. Gesi ikizidi, majimaji hurudi nyuma na kujaa sehemu ya chini ya kondensa, na sehemu iliyojaa majimaji haifanyi tena kazi ya kugeuza gesi. Mbeya asubuhi unaweza kupoteza theluthi ya kondensa na usijue. Ruaha Mbuyuni unahitaji kila pezi.

Fundi wa kwanza alikuwa anatafuta namba alizozoea, psi 40 na psi 225, ambazo ni namba za mchana wa joto. Kwenye baridi AC nzima yenye gesi sahihi haifiki huko. Kadiri alivyoongeza, ndivyo alivyolazimisha gari la asubuhi ya Julai lisome kama gari la Dar mchana wa Desemba. Isitoshe, gari lenye valvu ya upanuzi hujirekebisha lenyewe upande wa presha ndogo, na draya humeza sehemu ya ziada kabla dalili yoyote haijaonekana. Geji peke yake, kwenye baridi, haina uwezo wa kukuambia gesi imetosha. Mizani ndiyo inayojua.

Hewa iliyobaki ndani haikupewa uzito na mtu yeyote hadi asubuhi ya geji kusoma 74, nayo huenda ilikuwa na mchango sawa na gesi iliyozidi. Mfumo uliofunguliwa Mbeya na kufungwa bila vakyumu hubaki na hewa ya psi 12 hivi, na majimaji yakijaa humo huibana hewa hiyo zaidi. Psi 17 zilizopimwa zinaendana kabisa na hesabu hiyo. Hewa haigeuki majimaji. Hukaa kwenye kondensa na kuchukua nafasi.

Feni, kwa ule mtihani wa Kyela, inaeleza kupanda kutoka 225 hadi 290. Haitoshi peke yake kufika 400. Pumba, hewa na gramu 230 zilibeba zilizosalia, na kwa kuwa zote ziliondolewa kwa wakati mmoja hakuna namna ya kugawa lawama kwa haki. Ila hakuna hata moja kati ya hizo iliyounguza klachi. Klachi iliunguzwa na ule waya wa daireki. Swichi ilipokuwa inakata pale Ruaha Mbuyuni ilikuwa inafanya kazi iliyofungwa ifanye. Kuiondoa wakati presha inafika 400 gari limesimama, kisha kulipeleka gari kupanda Kitonga nyuma ya malori, ni kuamua mapema kwamba kitu kitaungua, na bahati kilichoungua ni cha bei nafuu.

Fundi wa Dar alikuwa na jaribio la bure mkononi: ndoo ya maji. Mwagia kondensa taratibu huku geji ikiwa imefungwa. Presha ikiporomoka kutoka 400 hadi 250 na baridi ikarudi, tatizo ni joto kutotoka, si kompresa. Inachukua dakika mbili.

Kilichokwenda vizuri tangu mwanzo ni kidogo lakini kipo: kuvuja kuligunduliwa sawasawa, mwenye gari alikataa kununua kompresa kwa neno la mtu mmoja, na dereva alipiga picha geji. Bila picha ile fundi wa tatu angekuwa na klachi iliyoungua na maneno matupu.

Kwa magari yanayolala kwenye baridi na kufanya kazi kwenye joto

AC iwashwe dakika 10 kila wiki hata Julai. Sili ya shafti ya kompresa hulowanishwa na mafuta yanayozunguka na gesi. Isipozungushwa miezi mitatu hukauka na kuanza kuvuja polepole. Magari mengi huzuia kompresa kushika kukiwa na baridi kali, kwa hiyo chagua mchana, na hakikisha unasikia klachi ikishika. Njia rahisi zaidi ni kuitumia kukausha ukungu wa vioo msimu wa mvua, hita na AC kwa pamoja.

Gari la Mbarali lioshwe kondensa mavuno yakiisha, na rejeta ivutwe ili kuona katikati, kwani upande wa mbele hauonyeshi kitu. Feni ya umeme ikaguliwe kwa macho AC ikiwa imewashwa.

Gesi ikipungua, fundi mwenye mizani anyonye yote, apime, apige vakyumu, ajaze kwa stika. Stika ikiwa imebanduka, kiasi kitafutwe kwenye kitabu cha modeli hiyo kwa namba ya chesisi, kwa maana modeli yenye AC ya nyuma hubeba gesi nyingi zaidi kuliko pacha wake asiye nayo. Lazima ikimbana fundi ajaze bila kunyonya, angoje mchana, aegeshe juani, afungue milango, aweke feni ya ndani hadi mwisho, na aache gari likiwa limepungukiwa kidogo kuliko kuzidi: gramu 50 pungufu hupunguza baridi kidogo, gramu 230 za ziada tumeona zilifanya nini.

Pikapu hii ilirudi kukaguliwa Aprili. Gesi ilipimwa ikakutwa gramu 515, na kwenye shafti ya kompresa palikuwa na unyevu mdogo wa mafuta. Sili imeachwa ilivyo hadi msimu wa mavuno uishe. Ikifika Agosti chini ya 450, itabadilishwa wakati evaporeta ikifunguliwa tena kusafishwa.